Jinsi ya Kusafisha na Kuhifadhi Tunggal Panaluan, Fimbo ya Mganga wa Kibatak

Tunggal panaluan ni fimbo ya datu, mganga wa Wabatak wa Toba, huko Sumatra Kaskazini nchini Indonesia. Nyingi zimechongewa ncha kali au kuvishwa chuma upande wa chini, mfano wa mkuki, kwa kuwa sherehe ilipofikia kilele datu aliitumia kutoboa yai lililowekwa ardhini. Katika kazi yangu ya uhifadhi nimeona fimbo hizi zikiharibiwa zaidi na usafishaji kuliko vumbi.

Kwanza, vaa glavu na barakoa. Makumbusho mengi ya zamani yalipaka vitu vya mbao dawa za wadudu zenye arseniki au zebaki, na sumu hiyo haitoweki.

Pili, piga picha na uzitambue sura za watu zilizochongwa kwenye fimbo. Kwa kawaida ya juu ni Si Aji Donda Hatahutan, na chini yake pacha wake wa kike, Si Tapi Raja Na Uasan. Wabatak husimulia kwamba ndugu hao walivunja mwiko kwa kupendana, wakapanda mti kuchuma matunda, mti ukawanasa pamoja na waganga waliokuja kuwaokoa. Angalia kichwani penye nywele za farasi au za binadamu, kisha tafuta vitobo vilivyozibwa: humo ndimo ilimowekwa pupuk, dawa iliyoipa fimbo nguvu. Usivizibue kamwe, hata kizibo kikilegea. Weusi unaong'aa juu ya mti ni masizi, mafuta ya mikono na mabaki ya kafara, nakusihi usiuguse.

Tatu, ondoa vumbi kwa brashi laini, ukianzia juu na kulisukuma kuelekea kwenye kifyonza vumbi cha nguvu ndogo kilichofungwa wavu mdomoni. Maji, mafuta ya mbao na vanishi havina nafasi hapa, na nywele hazichanwi.

Nne, ichunguze ncha kwa kioo cha kukuzia kabla ya kugusa kutu, kwani udongo ulioganda hapo huenda ni wa sherehe yenyewe.

Tano, ilaze juu ya vishikizo vilivyofunikwa karatasi isiyo na asidi. Chuma hupenda hewa kavu zaidi, lakini mimi huusikiliza mti, nikidumisha unyevu wa asilimia 45 hadi 55, kwa sababu ufa haurudi nyuma. Kila mwezi tazama chini yake: unga mpya wa mbao ni dalili kwamba wadudu wameanza kula.