Taa za sola za bustani zikianza kufifia usikimbilie kutupa

Jamani kabla hujatupa zile taa ndogo za sola za bustanini eti zimekufa, zifungue kwanza. Mara nyingi kilichokufa ni betri tu, maana zile betri za kuchaji za ndani huwa zinachoka baada ya mwaka mmoja hadi mitatu hivi, wakati taa yenyewe ya LED na paneli bado vina miaka kibao mbele.

Legeza skrubu za chini, mara nyingi utakuta betri ya saizi ya AA au AAA imeandikwa 1.2V NiMH (aina ya betri ya kuchaji), nunua ya aina hiyohiyo na mAh (kipimo cha chaji inayobeba) zinazokaribiana. Usije ukaweka betri za kawaida za redio, zile hazichajiki, zinaweza kuvuja na kuharibu kila kitu humo ndani. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vile vyuma vya kushikia betri, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha vizuri ndo uweke mpya.

Paneli nayo ifute kwa kitambaa laini chenye maji, vumbi na kinyesi cha ndege vinapunguza chaji sana, na kama kuna tawi linaipiga kivuli mchana hamisha taa tu, hamna dawa nyingine.

Halafu kuna hii watu wanaisahau, taa ikiwa karibu na balbu ya ukutani inayowaka inaweza isiwake usiku, sensa yake ya mwanga inadhani bado mchana. Ijaribu kwa kufunika paneli na kiganja, ikiwaka basi sensa yake haina shida.