Kukaza boliti za tairi ukibadilisha mwenyewe, kwa mlioko Ujerumani

Wenyeji wa huku wanasema tairi za winta ni Oktoba mpaka Pasaka, na msimu huo gereji zinajaa hadi kupata nafasi ni shida, ndo maana wengi wetu tunabadilisha wenyewe. Sawa tu, ila kukaza tunakaza kama fundi wa kule nyumbani, anatia bomba kwenye spana au anapanda juu na kurukaruka, ikilia kwii basi safari. Jamani hapana. Boliti ikivutwa kupita kiasi inarefuka na inaweza kukatika, ikilegea nayo tairi linachomoka, sasa fikiria uko Autobahn.

Nunua toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia tik ikifika namba uliyoiwekea, dukani ulizia Drehmomentschlüssel. Nguvu hiyo hupimwa kwa nyutoni mita: VW Golf nyingi ni 120, Toyota nyingi 103, ya kwako angalia kwenye kitabu cha gari, usiazime namba ya jirani.

Mliozoea Toyota mtasumbuka kidogo, maana Golf, Audi na BMW hazina studi (zile skrubu zilizochomoza) za kutundikia rimu, boliti inaingia moja kwa moja kwenye habu, kile kitovu tairi linapofungwa. Unachuchumaa, unalinyanyua tairi kwa ncha ya kiatu huku unalizungusha taratibu mpaka matundu yakae sawa, halafu boliti ya juu unaianza KWA VIDOLE. Ikigoma itoe uanze upya, ukiilazimisha na spana utaua nyuzi za habu na hapo hela itakutoka kweli.

Pia boliti za rimu ya chuma zisiende kwenye aloi hivi hivi, urefu unaweza kutofautiana, na za VW zimekaa mviringo pale zinapogusa rimu wakati rimu nyingi za kununua pembeni zinataka za koni. Ukichanganya, toki itakubali vizuri tu na bado italegea.

Kutu sugua na brashi ya waya, grisi kwenye nyuzi usipake, zikiteleza utakaza zaidi bila kujua. Kaza kidogo kwa mkono, shusha jeki tairi liguse chini, ndo uvute toki kwa mtindo wa nyota, yaani unaruka boliti ya jirani unakwenda ya upande wa pili. Ikisema tik acha, hiyo ya kuvuta tena "kuhakikisha" unazidisha tu. Kufungulia tumia wili spana ya kawaida.

Ukishatembea kilomita 50 hadi 100 pitia boliti zote tena, na hata kama umebadilishiwa gereji maneno hayo huwa yameandikwa kwenye risiti yao, kile kikaratasi usikitupe bila kusoma.