Kupima kani ya umeme kwa umbali katika hewa ya Tanga

Mwaka 1785 mwanafizikia Mfaransa Coulomb alionyesha kwamba umbali kati ya chaji mbili ukiongezeka maradufu, kani, yaani nguvu ya kuvutana au kusukumana, hubaki robo. Jambo hili linapimika hata Tanga, ila unyevu wa bahari ndio adui. Fanya jaribio saa sita mchana, Januari au Februari, feni ikiwa imezimwa. Wakati wa masika usijisumbue.

Chonga vipira viwili vya kipenyo cha sentimita 2 kutoka kwenye povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni, uvivike karatasi ya alumini. Lainisha mikunjo yote, maana chaji huvujia kwenye ncha. Kimoja kitundike kwa mshipi mwembamba wa kuvulia, nyuzi mbili zenye umbo la V, kimo sentimita 100, ili kiyumbe katika mstari mmoja tu. Uzi wa mkonge tunao tele, lakini hunyonya unyevu na kupitisha chaji. Pamba ni vivyo hivyo. Hata mshipi ufute kwa spiriti, uanike juani, kisha usiushike tena: jasho na chumvi ya vidole vinatosha kuharibu kila kitu. Kipira cha pili kibandike kwenye mrija mkavu wa plastiki, utakaoushika unapokisogeza karibu na cha kwanza.

Sugua bomba la plastiki kwa sweta la sufu, kisha gusa nalo vipira vyote viwili. Chaji zao si lazima zilingane, muhimu zisibadilike.

Mkono ukikaribia huvuta kipira, kwa hiyo pima kivuli. Weka tochi mita 2 mbele na karatasi ya grafu sentimita 10 nyuma. Kivuli hukuza kidogo, lakini hukuza vipimo vyote kwa kiwango kimoja. Soma sogeo la kipira kilichotundikwa kutoka mahali kilipotulia kabla ya kuchajiwa, na umbali kati ya vitovu, si kati ya kingo. Kwa sogeo dogo, kani huwiana nalo: sogeo likiwa maradufu, kani nayo ni maradufu.

Tuseme kwa umbali wa sentimita 8 sogeo ni 2. Kwa 12 litarajie 0.9, kwa 16 litarajie 0.5. Zidisha sogeo kwa mraba wa umbali: 128, 130, 128, karibu sawa, kama Coulomb alivyoonyesha. Maliza ndani ya dakika moja, kisha rudi sentimita 8. Sogeo likiwa limepungua, chaji imevuja. Kausha mrija uanze upya.

Chini ya sentimita 5, jibu hilo la kuzidisha hushuka hata chaji isipovuja, kwa sababu chaji husukumana hadi pande za mbali za vipira.