Jinsi ya kuendesha mdahalo juu ya sendika, uteuzi wa wahamiaji na chuki ya dini katika siasa, hapa Lubumbashi

Kuna mada tatu zinazovunja vikao upesi mjini kwetu: sendika (vyama vya wafanyakazi) na mgomo, nani aruhusiwe kuhamia wapi, na dini ya mgombea. Ugumu wake unatokana na hali ya mji wenyewe, kwa kuwa karibu kila mkaaji wa Lubumbashi yumo ndani ya mada hizo, na mara nyingi yumo pande mbili kwa wakati mmoja. Kijana anayejaza fomu za kuhamia Kanada ndiye yule yule anayelalamika kwamba fundi kutoka China amechukua kazi ya mtoto wa Kolwezi. Kwa hiyo njia ninayowapendekezea walimu, viongozi wa vijana na wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wanaotaka kuandaa mdahalo ina nguzo moja: kila msemaji alazimike kueleza kama kanuni anayoidai kwa wengine angeikubali ikitumiwa juu yake mwenyewe.

Anza na mada. Mada kama «Sendika ni muhimu» haifai, kwa sababu hakuna atakayeipinga kwa moyo, na kikao kitageuka kuwa mfululizo wa hotuba. Mada inayofaa hutaja nani afanye nini na wapi, kwa mfano: «Wafanyakazi wa kampuni ndogo zinazopewa kazi kwa mkataba ndani ya mgodi wawe na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa sendika wa kampuni yenye mgodi.» Upande wa kuunga mkono utasema kwamba hatari za kazi ni zile zile kwa wote, upande wa kupinga utauliza ni nani hasa mwajiri wao, na utakumbusha kwamba sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilizitengea kazi hizo za mkataba kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongo. Hapo pande zote mbili zina silaha, na hicho ndicho kipimo cha kwanza: msimamizi ajiulize kama yeye mwenyewe angeweza kutetea upande wowote kwa dakika saba. Akishindwa, aandike mada upya.

Siku chache kabla ya mdahalo, wapeni wasemaji wote karatasi moja yenye mambo yaliyokubaliwa na pande zote, ili muda usipotee katika kubishania yanayojulikana. Kwa mada ya sendika, karatasi hiyo itaje ibara ya 38 na ya 39 za Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, zinazolinda uhuru wa sendika na haki ya kugoma. Itaje Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, ambayo inataka njia za upatanisho zimalizwe kabla ya mgomo kuanza. Na itaje kwamba nchi yetu iliridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu uhuru wa sendika, mwaka 2001. Historia nayo isiachwe. Mwaka 1967, chini ya utawala wa Mobutu, sendika ziliunganishwa kuwa moja, na wingi wa sendika ulirudi baada ya kufunguliwa kwa siasa mwaka 1990. Msemaji asiyejua hilo hataelewa kwa nini wazee wengi wanaiona sendika kuwa mkono wa mkubwa, na atawadhania kuwa waoga tu.

Tukio la Desemba 1941 litaletwa na mtu, hata msipoliweka katika karatasi. Wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, waligoma wakidai mshahara, bei zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita. Wazungu wa kampuni hiyo walikuwa na chama chao, lakini weusi hawakuruhusiwa kuwa nacho. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), na Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: karatasi za utawala wa kikoloni zinahesabu makumi, na simulizi za mji zinahesabu wengi zaidi. Msimamizi aseme mapema kwamba ubishi wa idadi hautaruhusiwa kula muda, kwa kuwa hoja ya mdahalo haiegemei juu yake. Swali lenye faida ni hili: watu wanaonyimwa chombo cha kusemea, wanabaki na njia gani? Na upande wa pili una haki ya kujibu kwa mfano wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambako wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini mwaka 2003 na 2004 katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wakiitwa wenye kuondoka kwa hiari, ingawa sendika zilikuwapo na ziliruhusiwa. Kuwa na chombo, basi, hakutoshi kumlinda mtu. Hapa mdahalo huwa mzuri sana, na mimi ningeuacha uendelee hata kama saa imepita kidogo.

Ukumbini watakuwamo wazee waliopitia mpango huo. Kijana anayetaka kumpinga mmoja wao aanze kwa kusema, «Baba, naomba ruhusa nikujibu,» kisha ajibu hoja yote bila kuilainisha. Heshima iwe katika namna ya kusema. Hoja yenyewe isipunguzwe uzito. Mzee naye asikubaliwe kumnyamazisha kijana kwa kusema kwamba alikuwa hajazaliwa.

Mada ya wahamiaji ndiyo inayohitaji ulinzi zaidi. Kabla ya neno lolote, msimamizi atenge mambo mawili ambayo hapa huchanganywa kwa makusudi. Mkongo anayetoka Kasai au Kivu na kuishi Katanga si mhamiaji wa kigeni. Ibara ya 30 ya Katiba inampa haki ya kukaa popote nchini, na haki hiyo haiwekwi mezani ili ipigiwe kura ya kikao. Tunajua kilichotokea mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa kwa nguvu Likasi na Kolwezi. Anayetaka kufungua tena mlango huo kwa kisingizio cha mdahalo aonywe mara moja, na akirudia atolewe katika orodha ya wasemaji.

Baada ya hapo mdahalo uende kwenye uteuzi wenyewe: serikali inapochagua wageni, ichague kwa vigezo gani? Mifano ipo wazi. Kanada ilianza kupima waombaji kwa alama mwaka 1967, na tangu Januari 2015 inatumia mfumo wa Express Entry, wenye kilele cha alama 1,200, ambao huangalia umri, elimu, uzoefu wa kazi na ujuzi wa Kifaransa au Kiingereza. Alama za umri huwa juu kabisa kwa mwenye miaka 20 hadi 29. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1990, iliweka bahati nasibu ya viza isiyozidi 55,000 kwa mwaka, ambayo humtaka mshindi awe amemaliza sekondari au awe na miaka miwili ya kazi yenye kuhitaji mafunzo. Upande mmoja utetee alama, mwingine utetee bahati. Wa bahati atasema kwamba alama humchukua daktari aliyesomeshwa na Kongo na kumwacha mchuuzi. Wa alama atajibu kwamba nchi inayopokea ina haki ya kujua inampokea nani.

Sasa msimamizi ageuze swali. Sheria yetu ya kazi nayo inaweka kikomo cha wafanyakazi wa kigeni katika kampuni. Je, anayeona kikomo hicho kuwa cha haki kwa Mchina wa Kolwezi, ataona haki Mkongo akiwekewa kikomo Montréal? Na mji huu wenyewe ulijengwa na watu walioteuliwa: Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilitafuta vibarua mbali na hapa, na Union Minière iliwaleta wengine kutoka Ruanda-Urundi katika miaka ya 1920, wakipimwa afya na nguvu za mwili. Vigezo hivyo vilimfaa nani? Msiharakishe jibu la swali hili; kwa maoni yangu ndilo linalozaa matunda kuliko yote ya jioni nzima.

Kwa mada ya dini, msitumie ukumbi wa parokia, hata ukiwa wa bure. Darasa la shule au ukumbi wa komine unafaa zaidi, kwa sababu asiye wa kanisa hilo atasema kwa uhuru. Kanuni ya mjadala iwe kwamba tendo la taasisi linaweza kukosolewa, lakini waumini hawahukumiwi kwa jumla. Mwaka 2021 madhehebu ya dini yalipaswa kukubaliana juu ya mwenyekiti wa CENI, tume ya uchaguzi ya nchi. Wakatoliki na Waprotestanti walimkataa Denis Kadima, na madhehebu mengine sita yakamuunga mkono. Kusema kwamba makanisa yaondolewe katika uteuzi huo ni hoja halali, hasa kwa kuwa ibara ya kwanza ya Katiba inaiita nchi yetu isiyo na dini. Kusema kwamba Mwislamu au Mkimbangu (muumini wa kanisa la Simon Kimbangu) hawezi kuaminiwa na cheo ni chuki, na msemaji akatwe.

Wakatoliki wa Lubumbashi, ambao ni wengi na wenye sauti, wapewe mfano wa kuwageuza. Mwaka 1928 Al Smith alishindwa urais wa Marekani huku akishutumiwa kwamba Mkatoliki angemtii Papa kuliko Katiba, na John Kennedy alilazimika kujibu shutuma hiyo hiyo mbele ya wachungaji wa Houston mwezi Septemba 1960 kabla ya kushinda. Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja wakumbushwe Simon Kimbangu, aliyehukumiwa mwaka 1921 kwa mahubiri yake na kufia gerezani hapa hapa Élisabethville mwaka 1951. Mfano wa amri ya Marekani ya tarehe 27 Januari 2017, iliyozuia raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, unafaa kuwekwa mwisho, kwa kuwa unaunganisha wahamiaji na dini: toleo la tatu la amri hiyo lilithibitishwa na Mahakama Kuu mwaka 2018 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Wasemaji watofautishe swali la uhalali na swali la nia, wengi hushindwa.

Kuhusu lugha, nukuu za sheria zisomwe kwa Kifaransa kama zilivyo na zielezwe papo hapo kwa Kiswahili na aliyezisoma; anayekimbilia Kifaransa ili mama wa sokoni asimfuate apunguziwe dakika moja. Kura ipigwe mara mbili, kabla na baada, na mshindi awe upande ulioongeza watu. Katika nusu ya pili ya mdahalo wasemaji wabadilishane pande, kisha msimamizi amwombe kila mmoja ataje hoja moja ya mpinzani ambayo hakuweza kuijibu. Asiyetaja yoyote asihesabiwe katika ushindi.