Tagi moja kwa mitumbwi, shehena na magari: kuunganisha kwa tebo moja kwenye Laravel

Wadau mnaotengeneza sistimu za mialo huku kwetu kwa Laravel (fremuweki ya PHP), hii lazima mtakutana nayo. Unaanza na tebo ya mitumbwi, mwenye kazi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, anataka kila mtumbwi uwe na tagi (lebo fupi) kama "umekaguliwa" au "ushuru bado", unatengeneza tebo ya kuunganisha mitumbwi na tagi, safi. Kesho anataka tagi hizo hizo kwenye shehena za dagaa zinazoshuka kutoka Ukerewe, keshokutwa kwenye magari ya barafu, na wewe kila mara unaongeza tebo nyingine ya kuunganisha.

Weka tebo moja tu ya kati, iite `tagi_vitu`, yenye kolamu tatu za muhimu: `tagi_id`, `kitu_id` na `kitu_type`. Hiyo ya tatu ndo inayosema kama `kitu_id` ya 14 ni mtumbwi namba 14 au gari namba 14. Kwenye migresheni (faili la kutengeneza tebo), `morphs` ndo inazaa `kitu_id` na `kitu_type`:

```
$table->foreignId('tagi_id')->constrained('tagi')->cascadeOnDelete();
$table->morphs('kitu');
$table->unique(['tagi_id', 'kitu_id', 'kitu_type']);
```

Ule mstari wa `unique` msiuruke, maana karani akibonyeza mara mbili mtandao ukiwa mzito mtumbwi mmoja unapata tagi ile ile mara mbili na hesabu zote zinavurugika.

Halafu modeli, yaani klasi ya PHP inayosimamia tebo. Kwenye Mtumbwi:

```
protected $table = 'mitumbwi';

public function tagi() {
  return $this->morphToMany(Tagi::class, 'kitu', 'tagi_vitu');
}
```

Kwenye Tagi unageuza, `morphedByMany(Mtumbwi::class, 'kitu', 'tagi_vitu')`, na unaandika moja kwa kila aina. Majina ya tebo yaandikeni wenyewe kama hapo juu, Laravel ikiachiwa itatafuta tebo inaitwa `mtumbwis`. Na ukitaka orodha tumia `Mtumbwi::with('tagi')->get()`, kweri mbili tu (maswali kwa databesi) zinatosha hata mitumbwi iwe mingi kiasi gani, bila `with` kila mtumbwi unaenda kuuliza databesi peke yake.

Sasa hapa ndo penye kazi yenyewe. Usipoiambia kitu, Laravel inaandika jina zima la klasi kwenye `kitu_type`, yaani `App\Models\Mtumbwi`, na siku ukihamisha hiyo klasi kwenye folda nyingine tagi zote za zamani zinapotea machoni, zipo kwenye databesi ila hazionekani. Kwa hiyo kabla hujaingiza data hata moja nenda kwenye `AppServiceProvider`, ndani ya `boot`, weka majina mafupi ya kuandikwa badala ya jina la klasi:

```
Relation::enforceMorphMap([
  'mtumbwi' => Mtumbwi::class,
  'shehena' => Shehena::class,
  'gari' => Gari::class,
]);
```

La pili ni kufuta. Databesi haiwezi kuweka foreni kii (sharti kwamba ID lazima iwepo kwenye tebo nyingine) kwenye `kitu_id` kwa sababu inaelekea tebo zaidi ya moja, kwa hiyo ukifuta mtumbwi tagi zake zinabaki zinaning'inia. Weka `detach`, inayoondoa mistari yake kwenye `tagi_vitu`, kwenye tukio la `deleting` la modeli, lakini mjue kwamba `Mtumbwi::where(...)->delete()` inafuta moja kwa moja bila kuamsha hilo tukio, kwa hiyo wekeni pia kazi ya usiku inayosafisha mistari isiyo na mwenyewe. Tena ID za aina zote ziwe za namna moja, mitumbwi ikitumia namba na shehena zikitumia UUID (ID ndefu ya herufi na tarakimu) kolamu moja haitazibeba vizuri.

Wa Django (Python) wana `GenericForeignKey`, wa Hibernate (Java) wana `@ManyToAny`, mambo ni yale yale na udhaifu wa foreni kii ni ule ule.

Ndo maana kwa tagi, picha na maoni mimi naitumia njia hii bila wasiwasi, ila kwa malipo ya ushuru siitumii kabisa, hela ya mtu haitakiwi kuelea. Hapo weka kolamu tatu za kawaida, `mtumbwi_id`, `shehena_id`, `gari_id`, kila moja na foreni kii yake, halafu kama ni PostgreSQL ongeza `CHECK (num_nonnulls(mtumbwi_id, shehena_id, gari_id) = 1)` ili ijazwe moja tu. Kwenye MySQL hiyo `num_nonnulls` haipo, utaandika sharti kwa kujumlisha `IS NOT NULL`, na angalia toleo kwanza, chini ya 8.0.16 inaipokea `CHECK` bila kulalamika halafu inaipuuza.