SOMO: Jinsi ya kujifunza kupiga mnada ukiwa nyumbani (maswali yote hapa, siyo inboksi)

Wakuu, salaam.

Tangu niseme kwenye ule uzi wa viwanja kwamba nakula kwa kunadi, inboksi imejaa swali moja: "Kaka nami nataka, naanzia wapi?" Naandika mara moja tu. Atakayenifuata tena pembeni atapata kiungo cha uzi huu, bila salamu.

Tuelewane mapema. Nyumbani utajifunza hesabu, sauti, kumbukumbu na sheria. Leseni haipatikani sebuleni. Na ile kasi ya ulimi mnayoiona kwenye video za minada ya ng'ombe Marekani siyo kazi yenyewe. Kule wanunuzi ni wazoefu na mifugo ni mingi, ndiyo maana mnadi anaimba. Huku kwetu mtu asipokuelewa anakwenda zake kunywa supu. Kazi ya mnadi ni kujua kila sekunde dau (bei aliyotaja mnunuzi) ni shilingi ngapi na liko kwa nani. Mengine ni mapambo.

1. Vifaa. Daftari, simu ya kujirekodi, pakiti ya karata. Basi.

2. Sheria. Nasema Tanzania Bara, wengine angalieni za kwenu. Soma sheria ya wauza mnada, Sura ya 227, halafu kifungu cha mnada katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Hiyo ya pili ni fupi ila ina mambo matatu ya kukariri: kila fungu (kitu au mzigo unaonadiwa kwa mara moja) ni mkataba wake, mauzo yanakamilika nyundo inapogonga, hivyo kabla ya hapo aliyetaja dau anaruhusiwa kulirudisha, na mwenye mali haruhusiwi kupandisha bei kimyakimya bila watu kutangaziwa kwamba ana haki hiyo. Hapo ndipo mapandikizi (wanunuzi bandia waliopangwa na mwenye mali) wanapowaponza madalali. Kwenye Sura ya 227 shika hili: ardhi hainadiwi mpaka tangazo la wazi la siku zisizopungua 14 litolewe, na tangazo liwe na Kiswahili pia. Mnada wa nyumba unaweza kupingwa mahakamani kwa kasoro za tangazo.

3. Namba. Dakika 15 kila siku, kwa sauti. Panda kwa 500, kwa 1,000, kwa 2,500, kwa 5,000, kisha shuka vilevile, maana dau likikosa mtu utalazimika kurudi chini bila kugugumia. Kiswahili chetu kina mtego wake. "Laki mbili na tano" mmoja anasikia 205,000, mwingine 250,000. "Elfu ishirini na tano" haina shida sokoni, lakini ukianza kukata ukasema "ishirini na tano" kwenye fungu moja, na fungu linalofuata ni la laki, umewapoteza. Chagua namna moja ya kutamka uishike mpaka mnada uishe. Mimi husema "laki mbili na elfu tano" au "laki mbili na nusu", sichanganyi.

4. Ulimi na pumzi. "Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata" mara kumi asubuhi. Pumzi itoke tumboni. Jirekodi usikilize kama namba inamezwa mwishoni mwa sentensi. Namba ndiyo bidhaa yako, ikae mwisho na isikike: "Nani ananipa *elfu kumi*?"

5. Nani ameshika dau. Someni hapa polepole, mimi niliungulia hapa. Mbuzi wa sadaka ya mavuno, kanisa moja la mkoani. Niko elfu themanini, naomba tisini. Mikono miwili ikanyanyuka kwa pamoja, mmoja kulia mmoja kushoto. Nikapunga mkono katikati, "tisini ninayo!", nikaendelea kuomba laki. Laki haikutokea. Nikafunga kwa tisini. Wakaja wanunuzi wawili, kila mmoja na tisini yake mkononi, mbuzi mmoja. Na wote wawili walikuwa na haki, kwa sababu mimi sikuwa nimempa yeyote.

Kwa hiyo:

Mikono miwili ikinyanyuka, mchague uliyemwona kwanza, umtaje kwa kitu kinachoonekana: "Tisini iko kwa mama wa kilemba cha njano." Mgeukie wa pili palepale: "Baba, wewe uko nje, nipe laki." Akinyamaza, anajua yuko nje.

Usiombe bei inayofuata kabla ya kusema iliyopo iko kwa nani. Kamwe.

Usionyeshe kwa kidole kwenye kundi. Kidole kimoja kinaangukia watu watano.

Mzozo ukitokea, usiamue kwa huruma. Rudi kwenye bei ya mwisho isiyo na ubishi, fungua fungu tena hapohapo. Tamka kanuni hii kabla mnada haujaanza, la sivyo utaonekana unampendelea mtu.

Zoezi la nyumbani: changanya karata. Nyekundu ni mnunuzi wa kulia, nyeusi wa kushoto. Funua moja moja, kila karata ni dau jipya, panda kwa 10,000. Ikifuatana rangi moja, usipande: mtu hajipandishii mwenyewe. Katikati simama ghafla, funga macho, sema dau ni ngapi na liko upande gani. Ukizoea, ongeza mnunuzi wa tatu: karata za maua (pao) ziwe zake, hata kama ni nyeusi. Ukikosea, anza upya.

6. Kufunga. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, imeuzwa. Kati ya pili na tatu zungusha macho pande zote, hasa nyuma. Wenye hela hukaa nyuma.

7. Masharti. Yaandike, yasome kabla: mali inauzwa ilivyo, malipo ya namna gani, mzigo unaondoka lini.

8. Uwanja wa mazoezi. Mavuno kanisani. Sharika nyingi, za Kilutheri (KKKT) hasa, zinanadi mayai, ndizi na kuku baada ya ibada, na wazee wanatafuta kijana wa kushika maikrofoni. Watu wanacheka, wanaongeza bei kwa upendo, na ukikosea sadaka haikudai.

Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Mbagala: Mkuu nikimaliza hizi hatua napata cheti?

Mwandishi: Sentensi ya tatu ya aya inayoanza na "Tuelewane mapema".

Kijana_wa_Mbagala: Nimeiona. Sasa leseni naipata wapi?

Mwandishi: Anzia ofisi ya biashara ya halmashauri yako, wao watakuambia nyaraka wanazotaka, na uwe na namba ya mlipakodi. Ukitaka kuwa dalali wa mahakama, hiyo ni njia nyingine kabisa: kanuni zake ni za mwaka 2017, na mafunzo yanatolewa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Hapo huendi na karata.

MamaSalma: Asante kaka kwa somo. Sisi Waislamu hatuna mavuno, tunajifunzia wapi? Halafu mume wangu anasema mnada una shaka, eti unapandia bei ya mwenzio.

Mwandishi: Swali zuri dada. Harambee za madrasa na shule, na vikundi vya akina mama vinapouza vyombo vya dhamana. Hilo la mumeo wenye elimu wasaidie, mimi ninachojua ni kwamba kuna hadithi ya Mtume kumnadia maskini mmoja wa Ansari.

Ustadh_wa_Bara: Ipo. Imepokewa kutoka kwa Anas. Yule mtu alikuwa na nguo moja na bakuli. Mtume akauliza nani atanunua, mmoja akasema dirhamu moja. Akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia, ya pili shoka akakate kuni. Kilichokatazwa ni kuingilia bei wakati muuzaji na mnunuzi wameshakubaliana. Mnadani bado hawajakubaliana.

Mwandishi: Ustadh, shukrani. "Bado hawajakubaliana" ndiyo ileile ya nyundo kwenye Sura ya 214. MamaSalma mwonyeshe mzee.

Bosi_Mtoto: PDF ya hili somo tafadhali

Mwandishi: Hapana.

Bosi_Mtoto: Mbona mkali hivyo mkuu

Mwandishi: Umeomba PDF ya kitu kilicho mbele ya macho yako. Hujasoma. Lisome, ukiuliza kitu cha ndani nitakujibu hata saa sita usiku.

Korosho_Newala: Mimi mkulima wa korosho. Huku mnada hatumsikii mtu akipaza sauti. Enzi zile wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, zikawekwa kwenye sanduku, zikasomwa mbele yetu, tukakubali au tukakataa. Siku hizi mambo ya kompyuta. Huo nao ni mnada?

Mwandishi: Ni mnada, wa bahasha. Kila mtu anataja bei yake mara moja bila kuijua ya mwenzake. Mnadi hana kazi pale, na faida yake ni kwamba mnunuzi anayeogopa kukosa anaandika bei yake ya juu kabisa. Hasara yake, wanunuzi wakikaa hotelini usiku wakapatana, huwezi kuona usoni mwao. Kwenye mnada wa sauti ninaweza. Chai ya Mombasa nayo ilikuwa ya kupaza sauti pale Nyerere Avenue, ikahamia kwenye kompyuta mwaka 2020.

Rose_Naivasha: Nimefanya kazi ya kupaki maua huku Kenya. Tuliambiwa yakifika Uholanzi yananadiwa kwa saa inayoteremka. Sikuelewa, bei inashukaje?

Mwandishi: Huo ndio mnada ninaoupenda kuutazama. Unafanyika Aalsmeer, mji wa hukohuko Uholanzi. Bei inaanzia juu, mshale unashuka kwa kasi, wa kwanza kubonyeza ndiye anayenunua kwa bei hiyo. Dau ni moja tu kwa fungu, kwa hiyo unakwenda upesi, na maua hayawezi kungoja. Ukisubiri sana unawahiwa na mwenzio, ukiwahi sana umejipunja. Jaribu nyumbani na watoto: andaa pipi, wape karanga kumi kumi ziwe hela, anza kuhesabu kutoka kumi kushuka. Utaona nani ana roho nyepesi.

Dalali_Mstaafu: Kwenye hatua ya 7 umeruka kitu. Kwa nyumba inayouzwa kwa amri ya mahakama, mshindi anaweka robo ya bei palepale, iliyobaki ndani ya siku 15. Usiposema mapema utapata mshindi mwenye elfu hamsini mfukoni.

Mwandishi: Kweli mzee, nimeandika kwa ajili ya wanaoanza na kuku, ila iongezwe. Asante.

Kijana_wa_Mbagala: Nimejaribu zile karata jana. Watu wawili naweza, wa tatu ananichanganya kabisa.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Usimshike kwa rangi, mpe sura. Kulia ni mzee wa kofia, kushoto mama wa kilemba, wa tatu kijana wa jezi. Kichwa kinakumbuka mtu, hakikumbuki "wa tatu". Na punguza kasi, wacha kupanda kwa 10,000, panda kwa 5,000 kwanza.

Sauti_Imekauka: Mimi nanadi mitumba, jioni koo halitoki. Nitumie nini?

Mwandishi: Maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, siyo soda ya baridi. Maikrofoni upana wa vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "pa" na "ba" zisipige kishindo. Na acha kushindana na spika ya jirani. Nunua filimbi, piga mara moja, wakigeuka ndipo useme.