Acheni Kumwagilia Majani ya Waridi Jioni

Malalamiko kuhusu waridi dogo la njano yanafanana. Mche umenunuliwa kitaluni ukiwa umejaa maua, umepandwa vizuri, umewekewa samadi. Mwezi haujaisha, majani ya chini yanageuka njano. Mwezi wa pili kimebaki kichaka cha vijiti chenye ua moja juu. Mwenye mche anakuja kuuliza aweke mbolea gani. Asiweke mbolea yoyote. Aseme kwanza anamwagilia saa ngapi, na maji anayaelekeza wapi.

Karibu wote hujibu hivi: jioni nikitoka kazini, kwa mpira, juu mpaka chini, hadi majani yang'ae.

Hapo ndipo mche unapouliwa. Kuchimba shimo mnajua, samadi mnayo, kupalilia hakuna wa kumfundisha mwenzake. Sitarudia hayo. Ninaandika kwa ajili ya maji ya jioni, maana yanawapotezea watu fedha mwaka hadi mwaka, na mche ukifa wananunua mwingine na kuumwagilia vilevile.

Kinachoangusha majani ni ugonjwa wa madoa meusi, unaoletwa na ukungu uitwao Diplocarpon rosae. Mbegu za ukungu huu haziwezi kuota juu ya jani kavu. Zinataka jani likae limelowa kwa muda wa saa 7 hivi mfululizo, na joto la nyuzi 20 na kidogo, yaani hali ya hewa ya Arusha miezi mingi ya mwaka. Sasa piga hesabu. Ukimwagilia saa kumi na mbili jioni, jua linazama, upepo umetulia na umande uko njiani. Jani hilo litakuja kukauka saa tatu asubuhi. Limelala limelowa kwa muda wa saa 15, mara mbili ya muda ambao ukungu unauhitaji. Ukimwagilia saa moja asubuhi, tone lililorukia jani limekauka kabla ya saa nne, na mbegu haijapata nafasi ya kuota.

Doa lenyewe halijitokezi kesho yake. Linaweza kuchukua wiki nzima, hata mbili, na kufikia hapo mtu analaumu udongo au aliyemuuzia mche.

Tabia hii tumeitoa kwenye mboga. Mchicha unamwagiliwa jioni na hakuna anayelalamika, kwa sababu jani la mchicha linachumwa ndani ya wiki chache. Jani la waridi linatakiwa likae mtini miezi, likiulisha mche na maua yake. Na wale wanaosema maji ya asubuhi yanaunguza majani jua likipanda, msiwasikilize. Tone la maji haliunguzi jani la waridi.

Waridi la njano linaumia kuliko jekundu, na sababu yake iko kwenye ukoo. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19 bustani za Ulaya hazikuwa na waridi kubwa lenye njano iliyokolea na linalochanua mara kwa mara. Joseph Pernet-Ducher wa Lyon, Ufaransa, alitumia chavua ya waridi la njano la Kiajemi na mwaka 1900 akatoa aina aliyoiita Soleil d'Or. Rangi ikaingia, na udhaifu ukaingia nayo, kwa kuwa lile la Kiajemi hushikwa na madoa meusi upesi sana. Mawaridi mengi ya njano yaliyofuata yana damu hiyo.

Sababu ya pili ni kimo. Aina ya njano inayojulikana sana katika mawaridi madogo, Rise 'n' Shine, aliyoitoa Ralph Moore wa Visalia, California, mwaka 1977, hufika sentimita 40 hivi tu. Vitaluni kwetu mengi huuzwa bila jina, lakini kimo ni hichohicho. Waridi refu la uzio likipoteza majani ya chini, bado lina majani ya mita nzima juu yake. Hili dogo halina akiba hiyo. Majani yake ya chini ndiyo majani yake. Na ugonjwa huu husafiri kwa matone yanayopiga udongo au majani yaliyoanguka kisha yakaruka juu. Bana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, elekeza maji shinani kwa nguvu, uangalie upande wa chini wa majani: utaona vitone vya tope mpaka katikati ya kichaka. Kila kitone kinaweza kubeba mbegu za ukungu.

Kwa hiyo fanya hivi, na vipimo uvifuate kama vilivyo. Mwagilia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Tumia keni iliyotolewa kile kichwa chenye matundu. Inama. Mdomo wa keni uwe sentimita 5 juu ya udongo, si kimo cha kiuno, na maji uyazungushe taratibu kwenye duara lililo sentimita 10 kutoka shinani, kama mche uko ardhini. Mche ulio ardhini unatosheka na lita 2 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Ulio kwenye chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 mpe nusu lita. Yakianza kutoka chini, acha. Chungu hukauka upesi, hivyo kiangazi huenda ukarudia kila baada ya siku moja, lakini chomeka kidole sentimita 3 kwanza. Ukikuta unyevu, ondoka. Kikombe cha maji cha kila siku, kile mnachokiita "kuliburudisha ua", hulowesha udongo wa juu tu na kuifanya mizizi ikae juu juu.

"Asubuhi nawahi daladala." Nimelisikia mno hilo. Jaza keni usiku, iweke mlangoni, mimina ukitoka. Miche michache haikuchukulii dakika tano. Kama kweli asubuhi haiwezekani kabisa, mwagilia kabla ya saa kumi alasiri, kwa keni, udongoni, jani lisiguswe. Baada ya saa kumi, acha mpaka kesho. Waridi lililokwishashika ardhini halitakufa kwa kiu ya usiku mmoja.

Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5, uache nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shina. Matandazo ndiyo yanayozuia tone lisiruke, kwa hiyo usiyaone kama pambo. Miche ipishane sentimita 40. Ile ya kwenye kopo dogo la dukani mara nyingi ni vipandikizi 3 au 4 vilivyobanwa pamoja, na hewa haipiti. Itenganishe kwa mkono taratibu wakati wa kuihamisha, kila mmoja na udongo wake.

Mche ulioanza kuumwa, usiubahatishe. Chuma jani moja, ulielekeze kwenye mwanga. Doa la ugonjwa huu ni jeusi, kingo zake zina nyuzinyuzi kama wino uliomwagikia karatasi, na njano inaanzia kulizunguka doa. Jani lenye njaa ya mbolea hupauka lote sawasawa bila doa. Jani lenye kiu hulegea na kukauka ncha. Wengi hawaangalii, wanaona njano tu, wanaongeza maji na kutia yuria. Yuria hutoa majani laini, na majani laini ndiyo chakula cha ukungu. Huko ni kulipa fedha ili ugonjwa unenepe.

Ondoa kila jani lenye doa, hata kama mche utabaki uchi. Okota na yaliyoanguka, yote. Yachome au yafukie sentimita 30 chini. Usiyatupe kwenye lundo la mboji, kwani lundo la nyumbani halipati joto la kutosha kuua ukungu. Wenzetu wa Ulaya hupumzishwa na baridi inayopukutisha majani kila mwaka. Huku kwetu waridi lina majani mwaka mzima, na ukungu haupati likizo. Kisha pogolea theluthi moja ya urefu kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti, ukikata milimita 5 juu ya jicho la chipukizi linalotazama nje, ili katikati pawe wazi. Mbolea isubiri hadi majani mapya yafunguke. Hapo mche ulio ardhini uwekee mbolea ya NPK kijiko cha chai kimoja cha kufuta, sentimita 15 kutoka shinani, mara moja kwa mwezi.

Dawa ya ukungu ina nafasi yake wakati wa masika, maana mvua huwezi kuipangia saa. Dawa yenye mankozebu huchanganywa kwa kawaida gramu 2 hadi 2.5 kwa lita 1 ya maji. Soma kibandiko na ukifuate, vaa glavu na barakoa. Nyunyiza asubuhi kukiwa hakuna dalili ya mvua, juu na chini ya jani, kila baada ya siku 7 hadi 10. Dawa hii hukinga jani lenye afya lisishikwe. Doa lililokwishatoka haiponyi. Anayenyunyiza dawa asubuhi na kupiga mpira jioni anaiosha dawa yake mwenyewe. Vyungu vihamishie barazani, ila visikae chini ya ukingo wa bati unaodondosha maji.

Majani yakibaki ya kijani mpaka chini kabisa, umefaulu.

Mche mpya ukiununua, kagua majani ya chini kabla ya kulipa, na nyumbani uutenge na mingine kwa siku 14.